Tangu Lini Mkono Wangu Hausikii Moto

Ngarenaro, Jumamosi jioni

Mwanangu Nembris,

Umeukuta ufunguo wa lori umefungwa ndani ya karatasi hizi kwa utepe mweusi wa waya, na najua umenuna kidogo, kwa sababu ulitaka kuondoka mapema. Vumilia. Sikuona njia nyingine ya kuhakikisha unasoma kabla hujawasha gari. Barua ukiiacha mezani kwenye nyumba hii, mama yako ataifunikia sufuria.

Mambo ya kula, ya sweta za baridi ya Mafinga unakohamia, na nani wa kumpigia simu ukikwama njiani, sitayaandika. Mama yako ameshayasema na atayasema tena asubuhi mpaka getini. Mimi nataka kujibu swali moja tu. Leo mchana, uliponivuta mkono kutoka kwenye ekzosi, uliniuliza, "Baba, tangu lini?" Nikakujibu, "Tangu zamani." Ukaniangalia, kisha ukaenda kunawa. Lile halikuwa jibu, na wewe ulijua.

Naandikia hapa gerejini, nimekalia tairi bovu karibu na mlango ambako bado kuna mwanga. Wewe uko Themi unawaaga wenzako wa kwaya. Lori liko mbele yangu, limeoshwa, na turubai jipya limekunjwa juu ya bodi. Mkono uliofungwa bandeji ni wa kushoto, kwa hiyo kuandika hakunisumbui. Hauumi. Ndiyo shida yenyewe.

Nikuambie pia ninavyojisikia, maana ni jambo ambalo ungeuliza. Sijisikii vyovyote. Nilidhani siku ya wewe kuhama nyumbani ningekuwa mzee wa kutoa leso kila dakika, na fundi mwenzangu wa jirani ameshaniandalia utani wake. Nimekaa hapa tangu saa kumi nangoja uchungu uje, haujaja. Naangalia lori, naona lori. Labda uchungu utakuja wiki ijayo nikitafuta spana ya kumi na saba nikukute hupo wa kunionyesha kwamba ninayo mfukoni.

Nianze na kazi ya leo, kwa sababu yote niliyoyafanya zamani nimeyarudia leo mbele yako kwa udogo.

Kufunga kipima joto cha moshi ulikuwa mpango wako. Mimi nilikuambia nimetengeneza injini za dizeli miaka thelathini bila geji ya namna hiyo. Ukasema, "Na mimi nitakuwa kwenye mlima wa Kitonga na mzigo wa mbao, Baba, na wewe hutakuwepo." Nikaanza kuikosoa kazi. Nilitaka tutoboe ekzosi ikiwa palepale kwenye injini, drili tuipake grisi ishike chenga za chuma, na injini iwe inaunguruma ili moshi usukume zitakazobaki. Wengi tunafanya hivyo. Ukakataa. Ulisema chenga moja ikifika kwenye turbo, turbo imekwisha, na huendi kuanza maisha na chenga za baba yako. Ukafungua nati zote, moja ikakatika, tukapoteza asubuhi nzima, nami nikanung'unika asubuhi nzima. Ulitobolea mezani, ukachonga njia ya skrubu taratibu, ukapuliza, ukafuta, ukapitisha sumaku ndani mara tatu. Nilikuwa nimeshika tochi kama mgeni. Kazi ilikuwa nzuri, na sikukuambia.

Mwishoni ukaniachia waya mbili za geji, nadhani kwa adabu, ili nami nipate la kufanya. Ukawasha. Injini ikapata joto, na sindano badala ya kupanda ikarudi nyuma. Nikasema papo hapo, "Geji mbovu hiyo. Umeuziwa takataka." Hukubishana. Uliinama chini ya dashibodi, ukazibadilisha zile waya mbili, sindano ikapanda vizuri. Nilikuwa nimezifunga kinyume. Hukucheka. Ulichukua rangi ya kucha ya mama yako ukapiga alama nyekundu kwenye kioo cha geji, pale ambapo sindano ikifika mguu wako utatoka kwenye mafuta.

Nataka uukumbuke wepesi niliosema nao kwamba geji ni mbovu. Ulimi wangu una mazoea hayo.

Baada ya hapo ulilipandisha lori mpaka Ngaramtoni ukarudi nalo. Tukainua kichwa cha gari tuangalie kama gasketi inavuja. Ukaanza kuikagua waya, nami nikaegemea kuangalia nyuma ya turbo. Niliegemea kwa kiganja. Wewe ndiye uliyesikia harufu. "Baba, toa mkono, unaungua." Ulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake ana jani kwenye nywele, halafu ukaniona sitoi, ukanivuta.

Sasa nijibu.

Unajua gereji hii ilivyopata jina. Watu hawakuja kwa ajili ya mashine zangu, maana sikuwa nazo. Walikuja kwa ajili ya kiganja. Nilifundishwa na Mzee Jit, Singasinga aliyekuwa na gereji upande wa pili wa mto. Kabla sijaruhusiwa kushika pampu ya dizeli ya lori la mtu, alinifundisha kuhesabu. Lori linapanda mlima na mzigo, linasimama, unainua kichwa, unaweka kiganja cha kushoto shubiri moja kutoka kwenye ekzosi, unahesabu polepole. Ukifika saba hujaondoa mkono, injini inapumua vizuri. Ukiishia tano, imeshiba mafuta kupita kiasi, punguza pampu. Ukiishia tatu, usiiruhusu iondoke. Kila mtu na hesabu yake, alisema, ila uijue yako na usiidanganye.

Jambo moja kumhusu Mzee Jit sijawahi kukusimulia, kwa sababu nilikuwa nalidharau. Asubuhi moja alituita wote, pamoja na madereva waliokuwa wakisubiri, akasema, "Kiganja changu kimechoka. Jana nilifika kumi. Pampu zote kuanzia leo mpelekeeni huyu." Akaninyooshea kidole. Akaenda kukaa kwenye kiti chake, akaagiza chai. Kuanzia siku ile alikuwa anauza boliti na mikanda tu. Nilikuwa kijana, nikaona ni uzee na woga. Mtu anayeheshimiwa na kila dereva kutoka hapa mpaka Namanga anawezaje kusimama mbele yao na kujivua heshima yake mwenyewe? Ndivyo nilivyowaza. Sikuona kwamba walizidi kumheshimu. Niliyaona hayo miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshapitwa na nafasi yangu.

Na wewe nilikufundisha hesabu ile. Ulikuwa darasa la nne, unasimama juu ya kreti ya soda kando yangu, kiganja chako na changu. Uliishia tatu, mimi nikaendelea, nikakucheka, nikakuita mkono wa daftari. Siku iliyofuata ukasogeza mkono karibu zaidi, ukauma meno, ukafika saba. Kovu lililo chini ya kidole chako cha pete lilitoka hapo. Mama yako alinigombeza jioni nzima. Mimi nilikuwa nimewaonyesha madereva lile lengelenge kwa fahari. Nimeliangalia kovu hilo leo wakati unanifunga bandeji. Samahani, mwanangu. Nimechelewa, lakini nalisema.

Tangu lini. Ilikuwa siku ya Jumapili, msimu wa mvua za masika, wewe ukiwa kidato cha kwanza. Mama yako aliniomba nimteremshie sufuria ya makande jikoni. Niliishika kwa mikono mitupu, nikaibeba mpaka mezani, nikaiweka. Nikakaa. Mama yako alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, ananitazama. Akasema, "Baba Nembris, hiyo ilikuwa inachemka." Nikaangalia viganja, ngozi imebadilika rangi. Nikamwambia mikono ya fundi ni migumu, tukala. Usiku ule nilijiwekea mshumaa chini ya kiganja cha kushoto, nikahesabu mpaka ishirini na mbili, nikauzima. Baadaye daktari aliniambia mishipa ya fahamu imekufa kwa kuunguzwa kidogo kidogo kila siku. Lakini hilo ni la baadaye. Mimi nilijua Jumapili ile.

Jumatatu nilifungua gereji kama kawaida. Malori yalikuwa manne kwenye foleni.

Najua umeshaanza kuhesabu, kwa sababu wewe ni mtu wa kuhesabu. Kidato cha kwanza, masika. Ajali ya Mjomba Aminiel ilikuwa mwaka uleule, baada ya mavuno. Ndiyo. Ilikuwa baada ya sufuria.

Lori lilikuwa hilihili unaloondoka nalo. Lilikuwa langu, naye alikuwa dereva wangu, mdogo wake mama yako, mtu mwenye mkono mwepesi kwenye usukani kuliko dereva yeyote niliyemjua. Alikuwa akibeba mawe ya kujengea kupeleka upande wa Oldonyo Sambu, akalalamika lori limekuwa zito mlimani. "Shemeji, liongezee nguvu kidogo, nikifika kilimani linanitia aibu." Nikafungua pampu, nikaliongezea mafuta. Tukapanda wote mpaka Ngaramtoni na mzigo. Tukasimama. Aminiel akainua kichwa cha gari, akasimama pembeni, mikono nyuma, kama watu wanavyosimama mbele ya daktari. Nikaweka kiganja. Nikahesabu kwa sauti ili asikie. Nikafika saba. Nikafika tisa, nikaongeza na mbwembwe, nikafika kumi.

Sikusikia chochote, Nembris. Ni kama ningeweka mkono ule mbele ya ukuta. Nikamwambia, "Iko poa. Nenda."

Akaenda siku nne. Siku ya tano, kwenye kilima, injini ikazimika ghafla na mzigo wote mgongoni. Lori likaanza kurudi nyuma. Akalielekeza kwenye ukingo ili lisiangukie watu waliokuwa wakipanda kwa miguu na punda zao, likalala ubavu, mlango ukambana mguu. Hayo unayajua. Mguu uliouona hospitali, na mguu ambao hukuuona tena.

Usilolijua ni hili. Siku ya tatu baada ya ajali lori lilivutwa mpaka hapa, nikafungua injini peke yangu, mlango nimeufunga. Pistoni ya nne ilikuwa na tundu katikati, imeyeyuka kama mshumaa. Hiyo hailetwi na gia wala na dereva. Ni joto la mafuta mengi, joto ambalo kiganja kizima kingelikataa kwenye tatu, na ambalo sindano yako ya leo ingelionyesha kabla hata ya kufika Sakina. Nikaitoa ile pistoni, nikaifunga kwenye gunia. Jioni nikaenda hospitali.

Nilikwenda kumwambia. Naapa nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Nilipofika kitandani, yeye ndiye aliyeanza. "Shemeji, nisamehe. Nimekuharibia gari. Nililazimisha gia kubwa, ningeshusha mapema lisingezimika." Alikuwa analia, mtu ambaye ametoka kukatwa mguu, analilia lori langu.

Nikasema, "Pole, shemeji. Yameshatokea."

Hayo ndiyo maneno yangu yote. Sikudanganya hata neno moja, ukiyaangalia vizuri. Nimeyaangalia vizuri kwa miaka yote hii. Alinipa mahali pa kujificha, nami nikaingia. Watu walipouliza, nilisema dizeli ya siku hizi ni chafu. Wakiuliza zaidi, nilinyamaza, wakadhani namstahi dereva. Wakanisifu kwa hilo pia.

Baada ya hapo sikugusa pampu ya mtu tena. Nilisema ni macho. Nikawa fundi wa breki na springi, na wewe ulipomaliza chuo cha ufundi ukachukua injini, wateja wakasema mkono umehamia kwa binti. Nikacheka nao. Lori nikaliacha uani mpaka majani yakaota kwenye bodi, mpaka wewe ulipolifufua kwa injini nyingine. Ulidhani sikukusaidia kwa sababu nimekata tamaa nalo. Nilikuwa siwezi kulikaribia upande wa injini, basi.

Mama yako sijui anajua nini. Tangu siku ile ya sufuria, kila ninapowekewa chai kuna kitambaa kimekunjwa kando ya kikombe. Hajawahi kukosea hata siku moja, hata tukiwa na wageni. Hajawahi pia kuniuliza kitu kuhusu mdogo wake. Nafikiri anasubiri. Kuna jioni naona ni afadhali angeuliza.

Sikuandikii haya ili uniige au usiniige, wewe umeshakuwa mtu mzima mwenye sumaku yako. Nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu mguu wa mtu mwingine. Siku ya kwanza ningesema kwa maneno mawili kama Mzee Jit. Siku ya pili ningehitaji maelezo. Baada ya mwezi ningehitaji kuomba radhi. Baada ya ajali, kila siku iliyopita ilikuwa inaongeza jambo jingine la kueleza, mpaka kunyamaza kukawa kazi yangu ya kudumu, naifungulia mlango asubuhi pamoja na gereji. Na ganzi ile haikukaa kwenye kiganja tu. Nilipoambiwa unahama, nilisema, "Sawa." Uliumia, nilikuona. Sikujua pa kulitafuta neno jingine.

Ukinikasirikia, una haki, na barabara ni ndefu. Unaweza kunikasirikia kutoka hapa mpaka Dodoma bila kurudia sababu ileile. Usiniandikie kwamba umenisamehe ili nilale vizuri. Nalala vizuri, hilo nalo linanishangaza.

Sasa kesho, ambayo ndiyo sababu ya utepe na ufunguo.

Kesho asubuhi Mjomba Aminiel atakuja na bajaji kutoka Engutoto kukuombea safari. Ameshafunga duka lake la mbegu kwa ajili hiyo, na amemwambia mama yako avae kanga mpya kwa sababu atapiga picha. Ataegemea gongo lake upande wa mlango wako, ataweka mkono juu ya bodi, na tutainamisha vichwa. Unajua maombi yake yanavyokwenda. Ataanza kwa kushukuru, atawataja wazee, atakuja kwenye injini na matairi. Halafu, kabla ya kukutaja wewe, atasema yale anayoyasema kila anapoombea gari la mtu yeyote tangu atoke hospitali: "Bwana, wewe unajua nililazimisha gia, nikamharibia shemeji yangu mali yake. Huyu umfundishe subira ambayo mimi sikuwa nayo."

Nimeyasikia maneno hayo kwenye harusi ya binamu yako, lilipobarikiwa basi dogo la kwaya, na siku ulipopata leseni. Kila mara nimeinamisha kichwa nikasema amina pamoja na wengine. Kusema amina ndiko kulikonitesa, kwa kiasi ninachoweza bado kuteseka.

Kesho nitamkatiza kabla hajayasema. Gunia lenye ile pistoni nimelitoa juu ya dari, liko chini ya benchi, nitakuja nalo mkononi ili nisiweze kujifanya nilikuja kwa jambo jingine.

Lakini najijua. Nimeshapanga maneno mara nyingi na mdomo ukafunga. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, nacho sicho cha kunisaidia kusema. Ukiona amefika kwenye gia, nami nimesimama pale na gunia langu kama mzigo wa mtu mwingine, usiseme kwa niaba yangu. Usinionee huruma. Kaa kwenye usukani, ufunguo uwe mkononi mwako, na usiwashe. Akisema amina, usiwashe. Mama yako akisema jua limeshatoka, mwambie aulize upande wangu. Sisi wote tutakuwa tumesimama uani, na mimi nitakuwa upande wa kioo chako cha kulia, utaniona.

Safari ni yako na sitaki kuichelewesha. Ila lori hili limeshaondoka hapa mara moja kwa sababu nilisema liko poa. Safari hii lisiondoke mpaka nimesema jinsi lilivyokuwa.

Ningoje, mwanangu.

Baba yako